Mkali Lakini Anajua Kazi

Karibu kila mtaa una mkunga anayesifiwa kwa maneno haya: ni mkali, lakini anajua kazi. Anayesema hivyo hasengenyi. Anampa mjamzito ushauri wa kiutu uzima: vumilia maneno yake, utatoka na mtoto wako. Ukali umewekwa pembeni kama kasoro ya hulka, ujuzi umewekwa katikati, na mizani imeegemea ujuzi. Hoja yangu ni kwamba mizani hiyo haina vitu viwili vya kupima. Ukali unaokusudiwa hapo, yaani kumfokea mzazi, kumkejeli, kumpiga kofi la paja anapobana miguu, kumwacha peke yake kitandani ili akome, ni upungufu wa ujuzi wenyewe, na mkunga mwenye upungufu huo hajui kazi hata kama mikono yake ni myepesi. Tofauti hii ina matokeo. Kama heshima kwa mzazi ni hisani, chuo kinaweza kuipangia vipindi vichache vya maadili na mengine kuyaachia malezi ya nyumbani, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kusubiri hadi malalamiko yafike gazetini. Kama ni ujuzi, mwanafunzi anayeikosa amefeli, sawasawa na yule asiyejua kutoa kondo la nyuma, na leseni asipewe.

Zamani kidogo swali hili lingeonekana la anasa, kwa kuwa shida kubwa ilikuwa kumfikisha mama kituoni. Leo mambo yamebadilika. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba uzazi 63 kati ya kila 100 ulifanyika katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulikuta 81. Vifo vya uzazi katika tafiti hizohizo vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kenya nayo ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013. Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa waache kuzalia nyumbani kwa mkunga wa jadi, nao wakasikia, wakaja. Deni sasa liko kwa aliyewaita. Kenya, mradi uliopewa jina la Heshima uliwahoji waliotoka kujifungua katika vituo 13, na mmoja kati ya watano akasema alidhalilishwa kwa namna moja au nyingine. Mkoani Tanga, mradi wa Staha uliuliza mara mbili. Wanawake walipokuwa wakitoka kituoni, 19 kati ya 100 walisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema ndiyo wakawa 28 kati ya 100. Uzazi ni uleule, kilichobadilika ni mahali alipo mama anapojibu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walionya wahenga, na mwanamke aliyesimama getini mwa kituo na kichanga ndani ya kanga anaielewa methali hiyo kuliko mwalimu yeyote wa fasihi. Atarudi kwa chanjo, pengine atarudi na mimba nyingine, na atawakuta walewale zamu.

Ukimya huo hauanzii getini. Huanzia leba, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Tujiulize mkunga anajua anachokijua kwa njia gani. Mbele yake kuna patografu, chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu. Kila nusu saa anainama na fetoskopu, ameibana kati ya sikio lake na tumbo la mama, anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Anaweka kiganja juu ya tumbo na kuhesabu uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika kumi. Kila saa nne anapima njia. Anaangalia presha, joto, mkojo, rangi ya maji ya uzazi. Hayo yote ni ya mikono, macho na masikio yake. Lakini kati ya kipimo na kipimo kuna muda mrefu ambao mwili wa mzazi ndio peke yake unaojua kinachoendelea, nao hutoa habari kwa mdomo. Yeye ndiye anayejua kwamba kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli, dalili inayoweza kutangulia kifafa cha mimba. Yeye ndiye anayejua kwamba maumivu yaliyokuwa yakija na kuondoka sasa yamegoma kuondoka, na kwa aliyewahi kupasuliwa huenda ni kizazi kinachanika. Yeye ndiye anayehisi uvuguvugu wa damu mgongoni kabla jicho la mtu halijaona kitu.

Damu ndiyo mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoua kwa haraka. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Kwa utaratibu wa kawaida wa kukadiria kwa macho, karibu nusu ya wanawake waliotokwa damu nyingi baada ya kujifungua hawakutambuliwa. Pale walipowekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo chini ya makalio, na wakunga wakafundishwa kutoa hatua zote za matibabu kwa mkupuo, waliotambuliwa walifika 93 kati ya 100, na matukio ya damu kutoka kwa kiwango cha hatari yakapungua kwa asilimia 60. Utafiti ule ulihusu mfuko na matibabu, haukuhusu lugha ya wakunga, na sitaki kuubebesha usichokibeba. Ninachochota humo ni kwamba mama hafi kwa kukosa dawa tu. Hufa pia kwa sababu hakuna aliyejua kwa wakati. Sasa mchukue mzazi ambaye saa moja iliyopita aliambiwa, "Acha kelele, kwani sisi ndio tuliokupa mimba?" Akihisi kitu kinamtiririka, ataita? Wengine wataita. Wengine watangoja kidogo, wajihakikishie kwanza kwamba ni jambo la kumsumbulia nesi. Mkunga aliyemfokea amejikatia mwenyewe njia ya habari, na ubaya wake ni kwamba hatajua amekosa nini: wodi itakuwa kimya, na kimya atakisoma kuwa usalama.

Historia ya fani hii ina tukio linaloonyesha jambo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha. Miaka ya 1840, hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za uzazi zilizopokea wazazi kwa zamu. Moja ilifundishia wanafunzi wa udaktari, nyingine wanafunzi wa ukunga. Katika ile ya kwanza homa ya uzazi iliua kama mzazi mmoja kati ya kumi. Katika ile ya wakunga, chini ya nusu ya hapo. Wanawake wa mjini walijua. Walipiga magoti kuomba wasilazwe kliniki ya kwanza, na wapo waliozalia njiani kuliko kuingia humo. Wakubwa wa hospitali waliona hiyo kuwa hofu ya watu wasiosoma, na kuna waliofikia kueleza kwamba hofu yenyewe ndiyo inayowaletea homa. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kupima wazazi. Alipowalazimisha kunawa mikono kwa maji ya klorini, vifo vikaporomoka. Tukisimulia habari hii humsifu Semmelweis, naye anastahili sifa. Ila wale waliopiga magoti walikuwa na takwimu kabla yake. Alikosekana mwenye madaraka wa kuyachukua maneno yao kuwa habari.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka wodini kwenyewe. Mkunga mwenye miaka ishirini kazini atasema: kichwa kimefika mlangoni, mapigo ya mtoto yanashuka, mama anabana mapaja. Kofi moja, miguu ikafunguka, mtoto akalia. Ulitaka nimbembeleze mpaka mtoto afie njiani? Na wapo akina mama wanaorudi na sabuni na kitenge kumshukuru. Hoja hii haistahili kubezwa na watu wanaoandika wakiwa wamekaa. Inastahili kupimwa, na kipimo kizuri tunacho katika fiqhi, chenye faida hata kwa asiye Mwislamu. Wanazuoni wanasema dharura huhalalisha kilichokatazwa, lakini mara moja wanaifuatishia kanuni ya pili: dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa ya kufa anaruhusiwa nyamafu ya kumvusha, haruhusiwi kuifanyia karamu. Kwa hiyo anayedai dharura anadaiwa athibitishe kwamba hatari ipo kweli, kwamba njia aliyotumia inafaa kuiondoa, na kwamba hakukuwa na njia nyepesi zaidi. La kwanza tumkubalie. La pili ni gumu kwake: mtu anayepigwa hujikunja na kujikaza, na kujikaza ndicho kitu kisichotakiwa wakati mtoto anapita. La tatu ndilo linalomwangusha. Njia nyepesi ipo, tena imepimwa. Mapitio ya Cochrane ya 2017 yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kuwa nao mfululizo wakati wa uchungu walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, walipasuliwa mara chache, na uchungu wao ulichukua muda mfupi zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mzazi awe na mwenza aliyemchagua mwenyewe, na achague pia mkao wa kuzalia. Mwanamke anayebana miguu akiwa amelazwa chali huenda anahitaji kugeuzwa ubavu, au kuchuchumaa, au kusikia sauti anayoijua. Tena dharura ni jambo la nadra kwa tabia yake. Kofi likishakuwa desturi ya zamu ya usiku, limepoteza haki ya kuitwa dharura. Kuhusu sabuni na kitenge, mtu aliyeokoka hushukuru kila kilichokuwa karibu naye siku ile, na shukrani ya baadaye haigeuki kuwa ridhaa ya wakati ule.

Pingamizi jingine huvaa kanzu na joho. Uchungu wa kuzaa umeandikwa, linasema, subira ina malipo yake, na kumbembeleza mzazi ni kumdekeza. Uskochi, daktari James Young Simpson alipoanza kuwapa wazazi klorofomu mwaka 1847, ilimlazimu kuandika kuwajibu waliokuwa wakimsomea sura ya tatu ya Mwanzo. Huku kwetu hoja hiyo haisomwi, inasemwa tu pembeni ya kitanda. Wanaoisema wangerudi kwenye Surat Maryam. Mwanamke ameshikwa na uchungu peke yake kwenye shina la mtende, anatamani heri angekufa kabla ya saa hiyo. Hapewi mawaidha ya subira. Hakuna anayemuuliza mimba ilitoka wapi. Maswali hayo watamletea watu wake, baadaye, na yatajibiwa kwa wakati wake. Kwanza anatulizwa, anaonyeshwa maji, anaelekezwa kulitikisa shina ili tende zilizoiva zimwangukie, ale na anywe. Simaanishi kwamba sura ile ni kitabu cha ukunga, ingawa kula, kunywa na kuujongeza mwili ni mambo ambayo wodi nyingi ziliyakataza bila sababu ya kitaalamu. Namaanisha kwamba kwa anayeiamini, utaratibu wa kumhudumia mtu katika saa ile umeshaonyeshwa, na karipio halimo. Uchungu unaweza kuwa kudra. Tusi ni tendo la mtu mwenye jina na namba ya leseni.

Linabaki pingamizi ambalo siwezi kulijibu lote. Mkunga yuko peke yake zamu ya usiku, wazazi wanne wanasukuma, glovu zimeletwa na ndugu wa mzazi, umeme umekatika. Ripoti ya kimataifa ya 2021 kuhusu hali ya ukunga ilikadiria kwamba dunia ina upungufu wa wakunga 900,000, wengi wao wakihitajika Afrika. Ni haki gani kumdai staha mtu asiyestahiwa? Hakuna wajibu pasipo uwezo, na kanuni hiyo naikubali bila kupunguza. Ila inatulazimu kugawa deni. Ipo staha inayogharimu watu na fedha: pazia, kitanda kwa kila mzazi, mkunga wa kutosha. Hiyo anadaiwa mwenye bajeti. Mahakama Kuu ya Kenya huko Bungoma iliona hivyo mwaka 2018, katika shauri la mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa. Iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5, na haikuishia kwa wauguzi. Ilizilaumu serikali kwa kushindwa kuweka na kusimamia viwango vya huduma. Halafu ipo staha isiyogharimu hata senti. Kumwambia mzazi "sasa napima njia, utahisi kubanwa" hakuchukui muda mrefu kuliko kumwambia "panua miguu wewe". Mradi wa Staha wa Tanga haukujengwa juu ya kuajiri jeshi jipya la wakunga. Uliandaa mkataba wa huduma pamoja na jamii na watumishi, ukaendesha maboresho ndani ya wodi, na uwezekano wa mama kudhalilishwa ukapungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na hospitali isiyokuwa na mradi. Uchovu unaeleza mengi, lakini haukuyaeleza yote. Na mkunga mwenyewe ananufaika staha ikiandikwa kuwa kiwango cha taaluma. Leo akilalamika kwamba yuko peke yake, anaonekana mtu wa kulalamika. Siku staha itakapokuwa kiwango, malalamiko yake yatakuwa taarifa kwamba kituo hakikidhi masharti.

Mwanafalsafa anaweza kunishika shati hapa. Ukisema staha ni njia ya kupata habari, ataniuliza, je, mzazi aliyelala kwa dawa ya usingizi, asiyeweza kutoa habari yoyote, anaweza kutaniwa na kudharauliwa? La hasha. Utu wake hautegemei faida anayomletea mkunga, na kama hoja yangu ingekuwa ndiyo pekee, ingekuwa hoja ya kibiashara. Nimeitanguliza kwa sababu ya mtu ninayebishana naye. Yeye ameshakubali kwamba utu ni kitu kizuri. Anachosema ni kwamba ujuzi ni bora zaidi, na kwamba wakati wa hatari kimoja hutolewa kafara kwa kingine. Kumwambia tena kwamba utu ni mzuri hakumsogezi hata hatua moja. Kumwonyesha kwamba ujuzi anaoutetea una tundu kunamgusa mahali anapojali.

Je, staha inafundishika? Wakufunzi wengi, kwa siri, hawaamini. Mtu ama ana huruma au hana. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya, alilijibu shaka hilo karne tisa zilizopita, kwa mfano wa mwandishi wa hati: anayetaka kuandika hati nzuri huanza kwa kuiga kwa taabu harakati za mkono wa fundi, na akidumu, kinachoigwa kinakuwa sifa yake. Hulka njema huja kwa njia hiyohiyo, kwa matendo kabla ya hisia. Ukunga tayari una kifaa kinachofaa mazoezi ya aina hii. Katika mafunzo ya kuzuia damu baada ya kujifungua hutumika sanamu ya tumbo ambayo mkufunzi hujifunga kiunoni, akaigiza mzazi. Ndani yake mna mtoto, kondo la nyuma na mfuko wa damu bandia anaoweza kuuachilia kidogo au kwa wingi bila mwanafunzi kujua. Aliye nyuma ya sanamu ile ana mdomo. Anaweza kulia, kukataa, kuuliza, kunyamaza. Mtihani ukipangwa hivi, kwamba mzazi wa kuigiza anaanza kutoka damu na atasema tu akiulizwa kwa namna inayomruhusu kusema, mwanafunzi aliyemkaripia dakika tano kabla atafeli kwa kukosa habari, na hakuna atakayelazimika kupima huruma ya moyoni mwake.

Darasani, basi, kazi inawezekana. Pagumu ni wodini. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga linataka angalau nusu ya mafunzo yawe ya vitendo, maana yake nusu ya mtaala inafundishwa na mkunga wa zamu, kwa mfano wake, awe anajua au hajui kwamba anafundisha. Mwanafunzi aliyefundishwa kuomba ruhusa kabla ya kupima njia anafika wodini, anamwona msimamizi wake akiingiza vidole bila neno, na msimamizi huyo ndiye anayesaini kitabu chake cha mazoezi. Saini ina nguvu kuliko mhadhara. Kwa hiyo kama Baraza linataka staha iwe kiwango, lianze na haki ya kusaini. Wanawake waliohudumiwa na kila msimamizi waulizwe, nyumbani kwao na si getini, wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa sababu Tanga imetuonyesha mahali penye majibu. Maswali yawe machache: ulielezwa kabla ya kuguswa, ulipoita nani alikuja na baada ya muda gani, kuna jambo ulilohisi ukaogopa kulisema? Mama mmoja anaweza kuwa na kinyongo, ishirini wakisema mamoja si kinyongo. Msimamizi ambaye majibu yake ni mabaya arudi darasani pamoja na wanafunzi wake, na hadi atakapofaulu asisaini kitabu cha mtu.